Ramani ya nguzo: ipi ndiyo ya mwisho?

SWALI: Nasimamia jengo la ghorofa nne hapa Bamburi. Msanifu yuko Nairobi, mhandisi yuko Tudor, na ramani zote huja kwa WhatsApp. Juma lililopita mafundi walifunga vyuma vya nguzo kwa ramani iliyokwisha kubadilishwa, ikabidi tuvifungue. Je, programu za ujenzi za mtandaoni zitatufaa?
Msimamizi, Bamburi

JIBU: Zitawafaa sana, ndugu yangu, na msingoje slabu imwagwe. Kwenye WhatsApp kila mtu ana nakala yake, tena ramani ikitumwa kama picha hufifia hadi kipenyo cha chuma hakisomeki. Programu kama Procore, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2002, huweka ramani mahali pamoja. Mhandisi akipakia toleo jipya, ndilo mnaloliona nyote. La zamani hubaki kwenye kumbukumbu. Swali lako kuhusu boriti huhifadhiwa pamoja na jibu, tarehe na jina la aliyejibu. Hapo ndipo penye faida kubwa, maana ule ugomvi wa "nilikwambia kwa simu" hupata ushahidi.

Ila hizo zimelengwa zaidi kwa wakandarasi wakubwa. Kwa jengo lenu, anzeni na folda moja ya Google Drive, hifadhi ya mafaili ya mtandaoni. GB 15 za nafasi ni za bure. Mhandisi peke yake ndiye apakie ramani za nguzo, kila faili liwe na tarehe, na zilizopitwa zihamishiwe folda nyingine. Wewe pakua ya mwisho asubuhi kabla mafundi hawajashika koleo, mtandao usije ukakuangusha.