Maswali ya Wasomaji: Tamthilia za Mchana

SWALI: Mhariri, kosa gani liliwaudhi zaidi mashabiki wa tamthilia za mchana za Marekani? Na mbona nyingine za zamani hazipatikani popote?

JIBU: Wengi hutaja Guiding Light, 1998. Reva amedhaniwa amekufa, mumewe Josh anamtengenezea nakala hai (kloni), nakala inapewa dawa ya kuikuza upesi, halafu Reva mwenyewe huyoo, karudi! Kwangu, Days of Our Lives ilikosea zaidi mwaka 2004. Wahusika waliouawa mmoja baada ya mwingine walikutwa wazima kisiwani Melaswen. Lisome jina hilo kinyumenyume upate New Salem, yaani Salem Mpya; Salem ndio mji wa tamthilia hiyo. Mtazamaji aliyekwisha kulia msibani hakopeshi machozi mara ya pili. Shetani aliyempagaa Marlena, mhusika wa tamthilia hiyohiyo, miaka ya tisini angalau alivuta watu.

Ama kupotea, lawama ni ya tepu. Vipindi vya mwanzo vilirushwa mubashara; tepu zilipoingia zilikuwa ghali, vituo vikafuta na kurekodi juu yake. Dark Shadows (1966–1971) ilinusurika ajabu: kati ya vipindi 1,225, picha za kimoja tu ndizo zimepotea, na sauti yake ipo.

Generations ya kituo cha NBC (1989–1991) haikupotea, ilisahaulika. Ilikuwa ya kwanza kuanza na familia ya watu weusi miongoni mwa familia zake kuu, ila ikapangwa saa ileile na The Young and the Restless, tamthilia iliyopendwa mno. Hapo ingeponea wapi?