Ukitaka kuchana juu ya biti ya klabu, anza kwa kufuta mistari

Mwaka juzi mimi na mwenzangu ninayechana naye tulipeleka nyimbo tatu kwa DJ wa klabu moja hapa Dar. Tulikuwa nusu ya safari ya albamu ya kuchanganya hip-hop na muziki wa klabu wa kielektroniki, na tulijiona tumeshatoboa. DJ akaupiga wimbo wa kwanza saa sita usiku. Ngoma ilipoingia, watu wakajaa katikati, mikono juu. Kisha tukaanza kuchana. Ubeti wangu haujafika mwisho, nusu yao wamesharudi mezani, na dada mmoja akanipita akiniuliza kama najua choo kiko wapi.

Nilitamani kumlaumu DJ, au spika. Lakini tatizo letu lilikuwa la hesabu.

Hip-hop niliyokulia hutembea kwenye mapigo 85 hadi 95 kwa dakika. House, ule muziki wa klabu wa kielektroniki, na ndugu zake huwa kwenye 120 hadi 130. Mstari wa mapigo manne unaokupa kama sekunde 2.7 kwenye kasi ya 90, kwenye 128 unakuachia 1.9 tu. Sasa ongeza na lugha yetu. Anayechana kwa Kiingereza ana maneno chungu nzima ya silabi moja. Wewe ukisema "sitawasahau" umeshamaliza silabi sita na hujataja hata ni akina nani. Sisi tulichukua mashairi yaliyoandikwa kwa biti ya taratibu tukayasukumiza humo kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili jioni. Ulimi uliweza, maana tulifanya mazoezi. Sikio la mtu anayecheza halikuweza.

Nikarudi kwenye albamu niliyokuwa naidharau: Sorry for Party Rocking ya LMFAO, ya mwaka 2011. Hawa ni Redfoo na Sky Blu wa Los Angeles, mtu na baba yake mdogo. Redfoo ni mtoto wa Berry Gordy, mwanzilishi wa kampuni ya rekodi ya Motown, na Sky Blu ni mjukuu. Mashairi yao ni pombe na vichekesho, na nyimbo kadhaa siwezi kuzipiga mama akiwa sebuleni. Ila Party Rock Anthem, iliyokaa namba moja Marekani kwa wiki sita, ina mapigo 130, na ukiisikiliza na daftari mkononi utaona jinsi walivyo wabahili wa maneno. Wanasema kidogo, wananyamaza, kinanda kinajibu. Sauti zao zinafanya kazi ya ngoma. Biti inapofikia pale pa kulipuka, karibu wote kimya.

Kwa hiyo washa metronomu ya simu, ile inayokuhesabia mapigo, iweke 128, uchane huku unacheza. Kucheza kweli, siyo kutikisa kichwa. Pale pumzi inapokatika ndipo pa kufuta. Sisi beti za mistari 16 tulizishusha hadi 8, na wimbo mmoja ukabaki na 4. Iliniuma. Kama una hadithi ndefu ya kusimulia, omba biti ya mapigo 140 ambayo ngoma yake imepangwa kwa nusu kasi. Utachana kama uko kwenye 70 na miguu bado itakuwa na kazi.

Najua mtu ataniuliza, mbona singeli, muziki wetu wa mbio, inapita mapigo 200 na MC hashiki breki? Kweli. Lakini pale mbio zenyewe ndizo utamu, na vijana wa Manzese na Tandale hapa Dar wamekua nazo. Usiende kuziiga kwa wiki moja ukadhani umeiva.

Kwenye miksi, mwambie prodyuza apunguze uzito wa chini kwenye sauti zenu ili usigombane na besi. Na gawaneni wimbo kwa sauti mlizonazo. Mwenzangu ana sauti nzito, ikikutana na besi inazama kabisa. Siku hizi yeye anachukua sehemu zile ngoma imetolewa, mimi mwenye sauti nyembamba napita juu ya kelele. Tulichelewa kuliona hilo kwa sababu kila mmoja alitaka kuanza.

Mambo ya hela andikeni mapema. LMFAO walipanda jukwaa la Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, na Madonna Februari 2012, na kabla mwaka haujaisha kila mmoja alishashika njia yake, undugu na yote. Sisi tulikaa na karatasi, tukaandika mgao wa kila wimbo kabla ya kwenda COSOTA, kwa watu wa hakimiliki, kusajili. Tulinuniana siku mbili, yakaisha.

Na mkipeleka wimbo kwa DJ, mwachieni ngoma tupu mwanzoni na mwishoni, angalau mistari 16, apate pa kuunganishia. Yule wetu alituambia hivyo tuliporudi kwake mara ya pili. Safari hiyo aliupiga saa saba na watu hawakukaa. Mwenzangu hadi leo anadai ubeti wake wa pili niliufuta kwa wivu. Ninao kwenye kompyuta, mistari yote 16, unasubiri biti ya 90.