Kurudia jaribio la Galileo la ubao wa mteremko

Swali: Nafundisha fizikia sekondari. Nataka wanafunzi warudie jaribio la Galileo la kubingirisha tufe kwenye mteremko, wapime muda kwa maji kama yeye. Lakini nimesoma kwamba hakulifanya, alilibuni tu. Lipi ni kweli, na tulifanyeje?

Jibu: Mwalimu, shaka hiyo inatokana hasa na mwanahistoria wa sayansi Alexandre Koyré. Mwaka 1953 alidai kwamba vifaa alivyovieleza Galileo katika kitabu chake cha 1638 visingeweza kutoa vipimo sahihi kiasi kile. Mwaka 1961 mwanahistoria mwingine, Thomas Settle, aliunda kifaa kwa kufuata maelezo yaleyale, na usahihi ukapatikana. Hilo lilithibitisha kwamba jaribio linawezekana, basi. Kama Galileo mwenyewe alilifanya, jibu hutafutwa kwenye nyaraka, na hapo wengi huchanganya mambo.

Miaka ya 1970 mwanahistoria Stillman Drake alichapisha uchunguzi wa karatasi za kazi za Galileo zilizohifadhiwa Florence. Mojawapo, ya 107, ina safu hii, ambayo Drake aliisoma kama umbali wa tufe kila baada ya vipindi sawa vya muda: 33, 130, 298, 526, 824, 1192, 1620, 2104. Umbali ukikua kwa mraba wa muda, kila namba iwe 33 mara 4, 9, 16 na kuendelea. Zidisha 33 kwa 4, kwa 9, kwa 16: unapata 132, 297, 528. Zinakaribiana na zake bila kulingana, kama vipimo vya mkono vinavyokuwa. Wapo wanahistoria wanaoisoma karatasi hiyo vingine, ila mimi naona Drake ana hoja yenye nguvu.

Sasa kazi yenyewe. Ubao wa Galileo ulikuwa na dhiraa 12 za Florence, yaani karibu mita 7, na mfuo ulionyooka uliotandikwa ngozi laini. Ninyi mita 4 zinawatosha. Pigeni mfuo msasa hadi uteleze, tumieni gololi ya chuma ya beringi, na inueni ncha moja sentimita 40. Gololi itafika chini kwa sekunde 3 na nusu hivi.

Kwa saa ya maji, tobolea ndoo ya lita 20 karibu na kitako, chomeka mrija wa kipenyo cha milimita 5, uzibe pengo. Mwanafunzi huziba mrija kwa kidole, hufungua gololi inapoachiwa, huziba inapogonga kizuizi. Maji yaliyoingia kwenye kikombe yapimwe kwa mizani ya gramu 1. Anzeni na mita 4, kisha mita 1: maji ya pili yawe nusu ya yale ya kwanza.

Yasipokuwa nusu, angalieni ndoo kwanza. Maji yakipungua, kasi ya mrija hupungua nayo, kwa hiyo jazeni hadi alama ileile kabla ya kila mbio. Kosa la pili ni kidole: anayefungua na kuziba awe mtu mmoja, afanye mazoezi kabla ya kuandika chochote. Gololi pia iachiwe kwa kuondoa kijiti kilichoizuia, maana mkono huisukuma bila kujua. Ubao ukipinda katikati, weka nguzo chini yake.

Nakusihi usiwaambie watafute 9.8, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka, kwa mita kwa sekunde mraba. Galileo hapa alitafuta uwiano wa umbali na muda. Isitoshe, gololi inayobingirika ndani ya mfuo huongeza kasi polepole kuliko kitu kinachoteleza bila msuguano, kwa kuwa sehemu ya nishati huingia kwenye mzunguko. Mwanafunzi akikokotoa bila kulijua hilo, atapata namba ndogo mno na kudhani jaribio limeharibika. Waandike gramu kama zilivyosomeka, pamoja na zile mbaya.