Maswali ya wasomaji: Ndugu yuko Hamburg, mimi niko Lamu, twataka lebo

SWALI: Asalaam alaykum. Mimi ni kijana wa Langoni hapa Lamu, natengeneza biti kwenye laptopu, na kakangu wa mama mmoja yuko Hamburg, alisoma kule na saa hii ameajiriwa. Tuna wasanii watatu, wawili ni wa hapa wanarapu Kiswahili na wa tatu ni mtoto wa Kituruki wa huko huko anarapu Kijerumani. Twataka kufungua lebo ya hip hop Ujerumani, yetu wenyewe, tusiwe chini ya mtu. Sasa watu wa barazani watuambia kule bila yuro 25,000 mkononi hufungui kampuni. Ni kweli? Na tuanzie wapi manake logo na fulana kaka ashamaliza.
Fundi Biti, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam Fundi. Logo iko, fulana ziko, kilichobaki ni lebo yenyewe sasa, haya.

Hao wa barazani hawakudanganya ila wamesikia nusu. Hiyo 25,000 ni mtaji wa kampuni inayoitwa GmbH, na hata hiyo siku ya kuandikisha watakiwa uwe umetia nusu yake, 12,500. Kuna mdogo wake anaitwa UG, alikuja 2008, huyo waweza kuanza naye hata kwa yuro moja lakini kila mwaka robo ya faida yabaki ndani ya kampuni mpaka ifike ile ile 25,000, na zote mbili lazima upite kwa Notar, yaani wakili wa mihuri, halafu uweke vitabu vya hesabu vya kweli kweli. Nyinyi hamuhitaji hata moja saa hii. Kaka aende ofisi ya biashara ya mji wake, Gewerbeamt, aandikishe biashara ya mtu mmoja, ada yake ni kama yuro 15 hadi 60 kulingana na mji, halafu ofisi ya kodi, Finanzamt, itataka ajaze fomu ndefu kwenye mtandao wao uitwao ELSTER. Ikiwa mauzo ya mwaka uliopita hayakuzidi yuro 25,000 (ndio, namba ile ile lakini habari nyingine kabisa, usichanganye) anaweza kuomba ahesabiwe mfanyabiashara mdogo asitoze VAT. Basi. Mwanamuziki wa kujitegemea peke yake huwa hata huo uandikishaji wa biashara hauhitaji, lakini lebo ni biashara, yahitaji.

Ila kabla ya hayo yote mwambie kaka atoe kibali chake cha kuishi akisome vizuri, pamoja na kile kikaratasi cha kijani kinachokuja nacho. Vibali vingi vya kazi na vya masomo vimeandikwa kuwa kazi ya kujitegemea hairuhusiwi, na akifungua biashara na hayo maneno yako pale amejitafutia balaa. Dawa yake ni kwenda ofisi ya wageni kuomba ruhusa kwanza, wakimpa wanaandika. Na mwajiri wake naye aambiwe, mikataba mingi ya kule yataka ujulishe ukiwa na kazi ya pembeni.

Sasa nije kwenye lile ambalo hukuniuliza, na ndilo nililolikalia usiku kukuandikia. Wewe na kaka, nani mwenye lebo? Mkiandikishana wote wawili kama washirika bila kampuni, sheria ya kule yawafanya GbR, yaani ushirika wa kawaida, na kwenye GbR deni la mmoja ni deni la wote mpaka kwenye mali zenu za nyumbani. Kwa mtu anayekaa Lamu, hawezi hata kusoma barua za Kijerumani zinazokuja Hamburg, mimi siioni hekima hapo. Aandikishe yeye peke yake, na nyinyi wawili muwe na mkataba wa maandishi: masta za nyimbo, yaani rekodi zenyewe, ni za nani, pesa ikiingia yagawanywa vipi baada ya gharama zipi, nani ana ruhusa kutia saini na wasanii, na siku kaka akioa akahamia kwengine au akichoka, nyimbo zarudi kwa nani. Najua utasema ah, ni kaka yangu huyo, tumenyonya ziwa moja. Ndio maana hasa. Na wasanii wale watatu kila mmoja na karatasi yake, huyo wa Kituruki kwa Kijerumani na hao wa hapa kwa Kiswahili wanachokielewa.

Na kuna jambo lakupa nguvu wewe fundi. Kwa sheria ya Ujerumani haki ya mtunzi haiuzwi kabisa, yabaki kwa mtunzi mpaka afe na miaka 70 baada ya hapo, unachoweza kumpa mtu ni ruhusa ya kuitumia, kwa muda fulani, mahali fulani, yeye peke yake au na wengine. Kwa hiyo hili la hapa kwetu la "nimemuuzia biti, yake sasa" kule halipo hivyo. Lakini haki ya ile rekodi, ile masta, ni nyingine, hiyo huwa ya aliyegharamia na kusimamia kurekodi, na hiyo yauzika na yahamishika. Ukiwa hujaandika, siku nyimbo ikishika moto ndipo mtakapogundua mlikuwa mwafikiria vitu viwili tofauti.

Mashirika ya kukusanya mirabaha nayo ni mawili na watu huyachanganya. GEMA ni ya watunzi, mwenye biti na mwenye mashairi, kujiunga kwalipiwa. GVL ni ya wanaotumbuiza na wenye rekodi, yaani lebo, kujiunga bure, na ndio wanaotoa ile namba ya lebo ambayo redio zaangalia. Kila wimbo uwe na namba yake ya ISRC, ya kuitambulisha rekodi, kabla hujaupeleka popote. Wewe ukiwa tayari uko MCSK, shirika la watunzi la hapa Kenya, usikimbilie GEMA kabla hujajua nani akukusanyie nchi gani. Na mkitaka kutoa santuri, kiwanda kitawauliza karatasi ya GEMA hata kama nyimbo zote ni zenu na hakuna mwanachama ndani, manake kule mahakama hudhania muziki wote uko chini ya GEMA mpaka wewe uoneshe hauko.

Waliotangulia walianzaje? Royal Bunker ya Berlin ilianzia kwenye baa moja Kreuzberg ambapo vijana walikuja kushindana kurapu, ikawa kaseti, kaseti ikawa lebo, chini ya Marcus Staiger. Aggro Berlin wakaja 2001, watu watatu, Specter, Spaiche na Halil, na hakuna kati yao aliyekuwa nyota kwenye maiki, Specter kazi yake ilikuwa picha na sura ya mambo, ndipo rapa wao Sido akatoka na ile barakoa ya fuvu Ujerumani nzima ikauliza ni nani huyu. Mziki wao ulikuwa mchafu wa maneno, sikusifii hilo, na serikali iliwawekea baadhi ya kazi zao kwenye orodha ya vitu visivyouzwa wala kutangazwa kwa watoto, hilo mlijue pia manake laweza kukuta wewe. Bushido, rapa wao mwingine, akaondoka 2004 akafungua yake, Ersguterjunge, na Aggro ikafunga 2009. Hapo hapo Hamburg alipo kaka yako kulikuwa na lebo ya Eimsbush ya kina Jan Delay, rapa wa huko, jina limetoka kwa mtaa wao wa Eimsbüttel, ilivuma, ilianguka 2003. Lebo ya Chimperator ya Stuttgart walimwachia rapa wao Cro atoe mixtape bure kabisa kwenye intaneti, albamu ilipotoka 2012 ikakaa namba moja. Köln nako kulikuwa na lebo yaitwa MZEE, wallahi sikutanii, ndio iliyotoa kazi ya kundi la Advanced Chemistry 1992, vijana wa Heidelberg wenye asili ya Haiti, Ghana na Italia waliorapu kwa Kijerumani kwamba hapa ni kwetu pia. Na lebo ya Out Here ya München ilitoa mkusanyiko wa rapu ya Kiswahili kutoka Tanzania mwaka 2004, kwa hiyo msidhani Mjerumani hajawahi kuisikia lugha yetu kwenye biti.

Nikiangalia hao wote, kila mmoja alikuwa na mtaa nyuma yake kabla hajawa na lebo. Nyinyi mtaa wenu uko wapi, Langoni au Hamburg? Mimi ningeanza na huyo mtoto wa Kituruki kwa sababu yeye ana watu wa kujaza ukumbi huko, hawa wa hapa wakaingia kwenye nyimbo zake kwa Kiswahili, halafu ndio wapate zao. Wasanii wawili walioko kisiwani lebo iko bara Ulaya, shoo watafanya wapi, uwanjani Mkunguni hapa Lamu?

Fulana nisizicheke sana. Chati rasmi za Ujerumani tangu 2007 zahesabu pesa iliyolipwa, sio idadi ya sidii, ndio maana lebo za rapu kule zilikuwa zauza maboksi, albamu pamoja na fulana na vikorokoro vingine, yuro arobaini hamsini, na wakapanda juu kwa mashabiki wachache wenye mapenzi makubwa. Kwa hiyo zitunze.

SWALI: Niko Malindi likizoni ila naishi Köln na mume wangu Mjerumani. Nina lebo ndogo, natoa wasichana wanaorapu. Nimeletewa barua ya Künstlersozialkasse wanataka asilimia 5 ya nilichowalipa wasanii. Mume asema ni matapeli. Ni kweli?
Dada wa Maweni

JIBU: Mwambie shemeji si matapeli dada yangu, ni bima ya jamii ya wasanii, makao yake Wilhelmshaven, imeanza kazi 1983. Msanii wa kujitegemea aliyesajiliwa analipa nusu ya michango yake ya pensheni na afya kama vile ameajiriwa, nusu ya pili yatoka serikalini na kwa nyinyi mnaotumia kazi za wasanii. Kiwango cha 2025 kilikuwa asilimia 5. Na sio wanaorapu tu, aliyekupigia picha ya kava na aliyechora nembo, kama ni wa kujitegemea, wanahesabiwa, hata wewe ukimlipa msanii aliyeko Malindi anahesabiwa. Ripoti ya mwaka yapelekwa kabla ya tarehe 31 Machi, usipopeleka wanakadiria wenyewe na makadirio yao hayajawahi kuwa madogo. Na ukimleta msichana kutoka Kenya aje kutumbuiza huko, malipo yakizidi yuro 250 kwa shoo yakatwa kodi asilimia 15 papo hapo na anayelipa, kwa hiyo mkubaliane mapema bei ni kabla au baada ya makato asije akadhani umemla.

SWALI: Nimesampo udi na sauti kwenye santuri ya taarabu ya zamani, sekunde nne tu, prodyuza wa Berlin aitaka. Sekunde nne si kitu, au?
Mpiga Kanda, Shela

JIBU: Muulize Moses Pelham. Huyo ana lebo yake Frankfurt, 3p, na 1997 alitoa wimbo uliochukua sekunde mbili za ngoma za bendi ya Kraftwerk za 1977. Mbili. Wakamshitaki, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Katiba 2016, ikaenda Luxembourg kwenye Mahakama ya Ulaya 2019, watu wakazeeka ndani yake. Luxembourg walisema kipande hata kifupi vipi chahitaji ruhusa ya mwenye rekodi, isipokuwa umekibadilisha mpaka sikio halikitambui. Sheria mpya ya 2021 imefungua mlango kidogo lakini mlango wenyewe nao umebishaniwa kortini, na wewe hutaki kuwa wa kuupima.

Fanya hivi. Mtafute mpiga udi hapo hapo Lamu aupige upya, hapo umekwepa haki ya rekodi. Yabaki haki ya mtunzi wa muziki na mashairi, hiyo hata ukiupiga upya iko pale, Kenya ni miaka 50 baada ya kufa kwake na Ujerumani 70. Tafuta familia yake, wengi wako Mombasa na wengine ni majirani zako, mkubaliane kwa maandishi na umpe prodyuza nakala. Nenda kabla ya Ramadhani, manake Idi ikiisha huwapati, kila mtu yuko harusini.