Fundi Anajibu: Ijumaa Nzima, Jumatatu Inatambaa

SWALI: Fundi, salaam. Nina kompyuta ya mezani ya miaka 6, inatumia Windows 10. Ijumaa niliizima ikiwa nzima kabisa. Jumatatu nimeiwasha, imechukua dakika 14 hadi kuniruhusu kufungua faili. Nikiandika sentensi, herufi zinatokea baada ya mimi kumaliza. Kishale cha mausi kinaganda sekunde kadhaa, kisha kinaruka. Pia nasikia mlio ndani ya sanduku: tik, kimya, tik tik. Mpwa wangu amefuta programu 11 na kupitisha antivirusi, wapi! Sasa anataka kuifomati, yaani kufuta kila kilichomo na kuanza upya. Mwenzangu kazini anasema niongeze RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi. Mitihani niliyotunga kwa miaka 8 imo humo na sina nakala. Nishike lipi?
Mwalimu mwenye wasiwasi

JIBU: Mwalimu, usishike hata moja. Mwambie mpwa aondoe mkono kwenye kibodi, na wewe zima mashine hiyo hadi umalize kusoma hapa.

Nusu ya jibu umeitoa mwenyewe uliposema Ijumaa na Jumatatu. Kompyuta iliyolemewa na programu au iliyopitwa na wakati huzidi uzito kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi, na mwenyewe huwa umeshazoea. Haiamki siku moja ikiwa kobe. RAM iliyokutosha Ijumaa haiwezi kukupungukia Jumatatu, labda kipande kimoja kiwe kimelegea kwenye nafasi yake, jambo ambalo utaligundua ukitazama ukurasa wa taarifa za mfumo na kukuta GB 8 zimegeuka GB 4. Uzito wa ghafla una maana mbili tu: kuna kitu kimebadilishwa, au kuna kitu kinakufa.

Nusu ya pili ni ule mlio. Mashine yako, kwa maelezo haya, ina diski ya kuzunguka. Ndani yake mna sahani zinazozunguka kwa kasi, nyingi za kompyuta za mezani mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachopita juu yake bila kuzigusa. Kichwa kikikuta sekta (kijisehemu kimoja cha diski) isiyosomeka, diski haikubali kushindwa mara moja. Inarudi, inajaribu, inarudi tena, sekunde zinakwenda. Muda wote huo Windows imesimama mlangoni ikisubiri, na nyuma yake programu zote zinazotaka chochote kutoka kwenye diski zimepanga foleni. Ndiyo maana kishale kinaganda kisha kinaruka. Si kwamba prosesa, ubongo wa kompyuta, imechoka; prosesa haina la kufanya.

Sasa thibitisha, maana mimi niko mbali na naweza kukosea. Iwashe mara moja, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Nenda Performance, bofya Disk 0. Watu wengi wakiona 100% hapo husema "diski imejaa". Sivyo. Hiyo ni asilimia ya muda ambao diski iko kazini, haihusiani na nafasi. Na 100% peke yake si ushahidi wa ugonjwa: hata diski nzima hufika huko Windows inapopakua masasisho. Macho yako yawe kwenye mstari wa "Average response time". Diski nzima ya kuzunguka hujibu ndani ya milisekunde 10 au 20, ikibanwa sana labda mamia. Ukikuta 3,000 au 5,000, huku kasi ya kusoma ni KB chache tu kwa sekunde, basi una diski iliyo kazini muda wote na haileti kitu. Hapo hakuna cha kufuta wala cha kusafisha kitakachosaidia.

Ukiona hivyo, kazi ya kwanza ni mitihani. Si uchunguzi zaidi, si antivirusi nyingine. Chomeka diski ya nje au flashi, anza na folda ya mitihani yenyewe, siyo diski yote. Nakili, usihamishe. Faili moja ikikwama, iruke uende nyingine, utairudia mwishoni. Njia bora zaidi, kama una fundi karibu, ni kuitoa diski hiyo na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kama diski ya pili, ili Windows isiendelee kuifanyia kazi wakati unaokoa. Fundi anayejua Linux, mfumo mwingine kama Windows, atatumia ddrescue, programu ya kuokoa data ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi na kuziacha zile korofi kwa zamu ya mwisho. Kwa mgonjwa wa aina hii, mpangilio huo ndio wenyewe.

Kwa nini nakataza kufomati kwa ukali hivi, na ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, chkdsk /r, ambayo mpwa ataisoma mahali fulani? Kwa sababu niliwahi kuitumia. Nililetewa mashine yenye dalili kama zako, nikaona folda ya picha za mtoto, nikafungua mbili tatu, zikafunguka. Nikajisemea nitairekebisha kwanza, picha nitazinakili asubuhi. Nikaendesha amri ile, nikaenda kulala. Amri ile huisomesha diski yote, sekta kwa sekta, ni sawa na kumkimbiza mlimani mtu mwenye maumivu ya kifua. Asubuhi nilikuta skrini nyeusi, na diski haitambuliki kwenye mashine yoyote. Picha nilizokuwa nimeziona kwa macho yangu jioni ile, mwenyewe hakuziona tena. Hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Ukishaokoa kila kitu, hapo sasa chunguza kwa raha. CrystalDiskInfo ni programu ya bure inayosoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe. Tazama mistari mitatu: 05, ni sekta zilizokwisha hamishiwa kwenye akiba, C5, ni zinazosubiri kuamuliwa, C6, ni zilizoshindikana. C5 ikiwa na namba yoyote pamoja na ule mlio, usibembelezane na diski hiyo. (Programu hii kwa kawaida huandika thamani kwa mfumo wa hesabu wa 16, kwa hiyo ukiona 10, soma 16. Nimewahi kumtuliza mteja kwa namba niliyoisoma vibaya.)

Kuna mstari wa nne ninaoupenda kwa sababu huleta habari njema: C7. Huo huhesabu makosa yanayotokea njiani, kati ya diski na ubao mama. Ukiwa unaongezeka leo kuliko jana, huku ile mitatu ni sifuri, tuhumu waya wa SATA, ule unaounganisha hivyo viwili. Namba ya zamani isiyoongezeka haina neno, kwa kuwa hairudi nyuma hata waya ukibadilishwa. Mimi mwenyewe nilitumia siku 2 kufuta na kupakia upya programu kwenye mashine yangu, kumbe nilipoisogeza meza waya ulikuwa umechomoka nusu. Kuusukuma ndani kulichukua muda mfupi kuliko kuandika sentensi hii.

Diski ikiwa ndiyo mgonjwa, weka ya SSD, isiyo na kinachozunguka ndani, badala yake. Mashine ya miaka 6 itakushangaza. Na kwa kuwa Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, unapopakia mfumo upya angalia kama mashine yako inakubali toleo la 11.

SWALI: Yangu huwa nyepesi nikiiwasha, lakini baada ya nusu saa inakuwa nzito na feni inapiga kelele kama inataka kuruka. Nikiizima ikapoa, inarudi sawa. Ni virusi?

JIBU: Virusi havipoi. Hilo ni joto. Kwenye Task Manager nenda CPU, linganisha "Speed" na "Base speed". Kama mashine ya GHz 3.2 inaenda kwa 0.8 huku kazi ni 100%, prosesa imejipunguza yenyewe isiungue. Prosesa nyingi za Intel hufanya hivyo zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi.

Zima, chomoa umeme, fungua ubavu wa sanduku. Vumbi unaloliona juu ya feni si tatizo kubwa. Tatizo ni lile usiloliona, lililojishona kama blanketi kati ya feni na mapezi ya chuma ya kipoza joto. Lipulize huku umeshika feni kwa kidole isizunguke. Kisha gusa kipoza joto chenyewe. Vile vinavyokuja na prosesa nyingi za Intel hushikiliwa na pini 4 za plastiki, na mara nyingi sana moja huwa imechomoka, kona hiyo imeinuka upana wa ukucha, na prosesa haigusani nacho. Ukikinyanyua, ile dawa ya kupitisha joto iliyo chini ikiwa imekauka kama chaki, ifute yote na uweke tone jipya dogo katikati. Usiipake kama siagi.

SWALI: Niliweka antivirusi ya pili kwa usalama zaidi, na tangu siku hiyo kila faili inafunguka kwa kusuasua. Niongeze RAM?

JIBU: Ondoa moja. Kila faili unayoifungua, walinzi wawili wanaikagua, na kila mmoja anamshuku mwenzake. Ile ya Windows yenyewe hujiweka pembeni ikiona ngeni imeingia. Hizo mbili ulizoweka wewe hazipishani. Ukishaiondoa, washa mashine upya kabla ya kuhukumu.