Kabla hujanunua boksi la komiki, jiulize utalibebaje

Watu wakiniuliza boksi gani zuri la kutunzia komiki huwa nawauliza kwanza mgongo wako ukoje. Sitanii. Mi nilianza na yale maboksi marefu, yanaingia komiki kama 250 mpaka 300, nikajaza moja likashiba kabisa, siku ya kuhamisha chumba nikalishika kwenye vile vitundu vya mikono, kitundu kimoja kikachanika, boksi likalala upande na komiki zikamwagika sakafuni kama karata. Likijaa lile ni kilo 20 na ushee aisee. Sa hivi natumia mafupi tu, 150 hivi zinaingia, unabeba bila kumwita mtu.

Haya, boksi lenyewe sasa. Komiki za zamani nyingi zimechapwa kwenye karatasi ya gazeti, na karatasi ile ina lignini, kitu cha asili kutoka kwenye mti ambacho kikizeeka kinatoa asidi humohumo ndani, ndo maana inakuwa njano, kisha kahawia, mwisho kona zinakatika ukizigusa. Ukiitia kwenye katoni lolote tu unaiongezea asidi nyingine kutoka nje. Kwa hiyo tafuta boksi lisilo na asidi na lisilo na lignini, vyote viwili, na kama limetiwa kalsiamu kaboneti ndo bora zaidi kwa sababu inameza asidi inayojitokeza baadaye. Ila halitairudishia komiki ujana wake, mtu asikudanganye.

Na maandishi ya kwenye boksi usiyaamini hivihivi. Kuna kalamu za kupimia asidi, unachora kamstari mahali pasipoonekana, ukibaki zambarau uko salama, ukigeuka njano umepigwa. Kuna boksi nililipima ndani ya mfuniko, zambarau safi, nikafurahi, halafu roho ikaniambia chana kidogo pale kwenye kitundu cha mkono upime ule moyo wa karatasi. Njano kama ndimu! Kumbe walipaka juujuu tu.

Makontena ya plastiki ya kufunga kwa kubana yananitia wasiwasi. Maji hayaingii, sawa, lakini unyevu uliofungia humo nao hautoki, na pini za komiki zinaanza kutu taratibu bila wewe kujua. Ukitaka plastiki, chukua polipropilini, na likinuka kama pazia jipya la bafuni liache hapohapo, hiyo ni PVC, aina ya plastiki isiyofaa kwa komiki.

Ukubwa nao pima kwa rula, usikadirie. Komiki za miaka ya 1940 ni pana kuliko za sasa, na ukishaitia kwenye mfuko wake pamoja na ile kadi ya mgongoni inaongezeka tena, ukiilazimisha kwenye boksi jembamba kingo zinajikunja.

Halafu kujaza. Zisibanane mpaka uvute kwa kucha, zisilegee pia, maana zikiinama miezi kadhaa zinapinda na hazinyooki tena. Boksi likiwa nusu, mi naweka boksi dogo tupu kwa nyuma zisimame wima.

Kuhusu pa kuweka sina mengi: mbali na jua, na sio sakafuni, bomba likipasuka usiku la chini ndo linaanza kulowa. Yangu yamekaa juu ya mbao mbili, na nimeacha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta.