Ligeuze ua kwanza, ndipo uulize ni Ipomoea gani

Picha zinazotumwa na wasomaji karibu zote ni za namna moja: ua la zambarau lililopigwa kwa mbele, na swali, "Hii ni Ipomoea ipi?" Ipomoea ni jenasi ya mimea, mingi yake ya kutambaa, yenye maua ya umbo la faneli. Kwa picha hiyo tunabahatisha tu. Ipomoea purpurea peke yake hutoa maua ya zambarau, ya waridi, ya buluu na hata meupe. Wenye kutambua mimea kwa rangi watakosea kila msimu.

Ligeuze ua utazame sepali, vile vijani vitano vinavyolishika kwa nyuma. Uwe na rula ya milimita na lenzi inayokuza mara 10.

Sepali zikiwa fupi, kama mm 5 au 6, hazina vinyweleo, zina ukingo mweupe, na majani ni laini yenye umbo la moyo, hiyo ni Ipomoea tricolor. Jani likiwa limegawanyika kama vidole vitano mpaka kwenye kikonyo, ni Ipomoea cairica. Hiyo haihitaji lenzi.

Kazi iko kwa zenye vinyweleo. Sepali za Ipomoea purpurea zina mm 10 hadi 15, zimechongoka bila mkia, na vinyweleo vigumu vimejaa kwenye kitako. Za Ipomoea hederacea zina vinyweleo virefu vingi, na ncha yake nyembamba hujikunja kwa nje. Za Ipomoea nil zina ncha ndefu pia, ila imenyooka, na ua lake ni kubwa zaidi. Hizi mbili huchanganywa sana kwa sababu zote huwa na majani ya ndewe tatu, yaani yaliyogawanyika sehemu tatu. Lakini purpurea nayo huweza kuwa na ndewe tatu, na hederacea ina aina yenye jani zima, kwa hiyo jani pekee si ushahidi. Usipime kwenye tumba pia. Ngoja ua lifunguke au tunda lianze, maana hapo ndipo mkunjo unapoonekana vizuri.

Ipomoea indica huishi miaka mingi, sepali zake hupungua upana taratibu hadi nchani, vinyweleo vikiwepo hulala, na mbegu huonekana kwa nadra.

Bado una shaka? Kata tunda bichi kwa wembe. Tricolor ina vyumba 2 na mbegu zisizozidi 4. Purpurea, nil, hederacea na indica zina vyumba 3, mbegu hadi 6.

Na hakikisha kwanza ni Ipomoea kweli. Stigma yake, ile ncha ya katikati ya ua inayopokea chavua, ni kama kidonge kimoja, au viwili vitatu vilivyoshikana. Ukiona nyuzi mbili nyembamba, hiyo ni Convolvulus, jenasi nyingine ya familia hiyohiyo. Ukiona vijani viwili vikubwa vimefunika sepali, ni Calystegia, nayo ni jenasi ya familia hiyo.

Piga picha asubuhi, kabla ua halijajifunga: nyuma ya ua, jani zima, na shina kwa karibu. Ya mbele ije mwisho, ukipenda.